Sisi wa Kima, Wao wa Uyoga

Harufu ya fomalini, ile dawa inayohifadhi vyura na panya ndani ya chupa katika maabara za shule, hunikumbusha kanisa. Najua kwa wenzangu wengi kanisa ni harufu ya mishumaa, au ya nguo za Jumapili zilizolala sandukuni na vidonge vya nondo. Kwangu ni chura. Juzi nilimsindikiza mwanangu shule mpya, tukapita mbele ya maabara iliyoachwa wazi, na kabla sijajijua nilikuwa nimenyoosha mgongo na kufunga mdomo, kama mtu anayesubiri somo la kwanza lisomwe. Mwanangu akaniuliza kama naumwa.

Sababu yake si ya kiroho hata kidogo. Baba yangu alifundisha biolojia katika shule moja ya sekondari kule Mengo, Kampala, na Jumapili alikuwa msomaji wa masomo katika kanisa dogo la Kiprotestanti chini ya kilima hichohicho. Nyumba yetu ya ualimu ilikuwa na kabati moja tu lenye kufuli. Humo alihifadhi chupa za vielelezo, kwa kuwa shuleni vitu vilikuwa vimeanza kutoweka, na humohumo alitundika joho lake jeupe la kusomea. Kwa hiyo Neno la Bwana lilinifikia likinuka chura tangu nikiwa mdogo, na sikuona ajabu yoyote.

Nyumbani tulisema Kiswahili. Mama alikuwa Mlugbara kutoka upande wa Arua, Baba Mganda; Baba hakupata kukiweza Kilugbara, na Mama aliona Kiganda kina adabu nyingi mno kwa mtu mwenye haraka. Kiswahili kikawa uwanja wa katikati. Majirani walikiita lugha ya askari, na hawakukosea sana, maana kaka yake Mama, Mjomba Juma, alikuwa sajini aliyekaa kwenye maghorofa ya Bugolobi, Mwislamu wa swala tano aliyetutembelea na sukari imefichwa ndani ya kofia. Nyinyi wa rika langu hamhitaji kuelezwa sukari ilikuwa nini siku zile za utawala wa jeshi, ilipotoweka madukani.

Wala hamhitaji kuelezwa kwa nini watu wazima walinong'ona. Baba alikuwa na rafiki shuleni, mwalimu wa jiografia, ambaye alitoka mchana mmoja kwenda kununua sigara na kuacha kalamu yake imefunguliwa mezani. Kalamu ilikaa pale hadi mwisho wa muhula. Tangu hapo Baba alizungumza kwa sauti ya chini hata alipoomba aongezewe maharage. Jumapili ndiyo siku pekee niliyomsikia akipaza sauti. Alipanda pale mbele na joho lake, akafungua kitabu, na sauti ikatoka nzima, kubwa, kama mtu aliyevua viatu vilivyombana wiki nzima. Mama, ambaye hakuelewa nusu ya Kiganda kilichosomwa, hakukosa Jumapili hata moja. Alikuja kuisikiliza sauti.

Nayataja haya ili muelewe uzito wa nilichofanya nikiwa na miaka minane.

Kwa Waganda kila mtu ana ukoo, na kila ukoo una muziro wake: mnyama, mdudu au mmea ambao wenye ukoo hubeba jina lake na hawaruhusiwi kuula. Sisi tulikuwa wa Nkima, yaani kima. Bibi, mama yake Baba, alinifundisha kwamba kima ni ndugu. Asichekwe, wala asirushiwe jiwe hata akimaliza mahindi yote shambani. Hilo nililijua kama nilivyojua jina langu. Kisha jioni moja Baba akaja na chati kubwa ya shule, akaitandika mezani ili aishone pembe zilizochanika. Ilikuwa na mifupa imesimama kwenye mstari: kima, sokwe, mtu.

"Baba, huyu wa mwanzo kabisa, mwenye mkia, ni nani?"

"Huyo?" Alikuwa na sindano mdomoni, hakuinua kichwa. "Huyo ni jamaa yetu wa mbali."

Baadaye nilisoma hadi chuo kikuu na kupata shahada ambayo sitaitaja kwa kuwa nayo hainitaji, lakini sijapata tena kuelewa jambo kwa ghafla na kwa ukamilifu kama nilivyoelewa jioni ile. Kumbe Bibi na sayansi walisema neno moja! Sisi wa Nkima tulitoka kwa kima, na mifupa ilikuwapo kuthibitisha. Kwa hiyo wengine nao walitoka kwa miziro yao. Rafiki yangu Solome wa ukoo wa Simba alitoka kwa simba, jambo lililoeleza sauti yake. Watu wa Ndovu walitoka kwa ndovu. Mama peke yake, ambaye kwao Arua hawakuwa na muziro niliowahi kuusikia, alibaki mtoto wa Adamu moja kwa moja, na nilimwonea huruma kwa kukosa kitu cha kuvutia zaidi. Adamu, kwa hesabu yangu, alikuwa babu wa watu wa Arua na Wazungu.

Sikuiweka elimu hii moyoni. Shule yetu ya Jumapili ilifundishwa na Mama Yunia, mwanamke aliyeokoka, mrefu, asiyevaa hereni wala kuvumilia mzaha. Aliuliza kama kawaida, "Nani aliyewaumba?" na tukaitikia kwa pamoja kwamba ni Mungu. Mimi nikanyoosha mkono.

"Ni Mungu, Mama Yunia, lakini sisi alitutoa kwa kima. Baba anayo picha. Na wewe wa Nsenene alikutoa kwa senene, wale panzi."

Mama Yunia alifungua mdomo. Sikumpa nafasi. Nikamgeukia Nola aliyekaa kando yangu, mjukuu wa Ssalongo, mzee wa kanisa, mtoto mpole wa miaka sita, ambaye ukoo wao ulikuwa wa Butiko, ukoo wa uyoga. "Na nyinyi," nikamwambia kwa upole, kama daktari anayetoa habari mbaya, "mlitoka kwenye uyoga."

Nola akaanza kulia. Alilia hadi ibada ya wakubwa ikakatika, akalia njiani, na nadhani alilia hadi jioni, maana Jumatatu babu yake alituma ujumbe kwamba Mwalimu afike nyumbani kwake Jumamosi alasiri, wazee wa kanisa wamhoji kuhusu mafundisho yake. Ujumbe uliongeza kwamba hadi watakapoamua asisome tena kanisani.

Mama aliupokea ujumbe, akaketi juu ya kiti cha jikoni. "Watamvua joho," alisema, kwa Kilugbara, lugha aliyotumia kwa mambo ya msiba. Baba alisema tu, "Wana haki ya kuuliza," akaenda kulifunga kabati ambalo tayari lilikuwa limefungwa.

Alhamisi Mjomba Juma alikuja na sukari. Baba alimsimulia kwa kufupisha, kama jambo la kuchekesha, na Mjomba hakucheka.

"Shemeji, hii maneno ya nyani wacha kabisa. Mtu ya bunduki akisikia wewe nasema watu ilitoka kwa nyani, hatauliza sayansi. Atauliza: ni nani hapa unaita nyani? Na wewe utajibu nini?"

"Nafundisha kilichomo kwenye silabasi, Juma."

"Silabasi!" Mjomba akamgeukia Mama. "Dada, huyu bwana yako iko na silabasi. Mwambie silabasi haizuii risasi."

Nilipomsindikiza hadi kwenye gari alinifinya shavu na kuniuliza mbona nimenuna. Nikamwambia yote: siku, saa, na nyumba ya mzee ilipo, karibu na tanuri la matofali. Nilidhani natafuta msaada. Sikumwambia Baba.

Jumamosi Baba alinichukua nifuatane naye, kwa kuwa, alisema, mimi ndiye shahidi. Njiani akaniuliza hasa nilisema nini kule shule ya Jumapili, na nikamweleza nadharia yangu mwanzo hadi mwisho. Alisimama katikati ya njia.

"Kwa hiyo Ssalongo ni uyoga?"

"Alitoka kwenye uyoga, Baba. Zamani."

Aligeuka upande wa ukuta akakohoa muda mrefu. Alipogeuka tena macho yake yalikuwa na maji. "Eseza," alisema, "wewe utanifukuzisha kote kuwili."

"Watakuvua joho?"

"Labda," alisema, na hapo hakuwa akicheka.

Ssalongo ni jina la heshima la baba wa mapacha, na mzee yule hatukumwita vingine. Alifyatua matofali kwenye bonde chini ya Mengo, na mikono yake ilikuwa na rangi ya udongo hata Jumapili. Sebuleni kwake walikaa wazee wanne na Mama Yunia, na mimi nilipewa mkeka karibu na mlango. Salamu za Kiganda ni ndefu, na siku ile zilirefushwa zaidi, nadhani kwa kuwa hakuna aliyetaka zifike mwisho.

"Mwalimu," Ssalongo alianza, "mashtaka yako ni mawili na hayapatani. Wako wanaosema unarudisha watoto kwenye upagani wa mababu. Wako wanaosema unawafundisha elimu ya watu wasiomjua Mungu. Tusaidie. Ni lipi?"

"Ni binti yangu, ssebo," Baba alijibu kwa heshima.

Wazee walinitazama. Mmoja alitaka kutabasamu, akamwona Mama Yunia, akaacha.

"Na shemeji yako," Ssalongo aliuliza, akitazama dirisha badala ya Baba, "yule wa jeshini. Hajambo?"

"Hajambo. Hajui kwamba niko hapa."

Nikatazama vidole vya miguu yangu. Na kama vile nilimwita kwa kuvitazama, tukasikia gari likipunguza mwendo, likasimama, mlango ukafungwa kwa kishindo. Siku zile gari likisimama hivyo, watu walijua limekuja kumchukua mtu. Mjomba Juma alijaza mlango na sare yake yote.

"Hodi. Nani hapa nasumbua mwalimu?"

Ssalongo alikuwa ameshasimama. Kiganda kilimtoka, akatafuta Kiswahili kwa haraka, mikono yake ya udongo imeshikana. "Hakuna, Afande. Hakuna kabisa. Mwalimu hana kosa. Tumemaliza. Yeye atasoma kesho, atasoma siku yote." Mama Yunia, ambaye sijapata kumwona akiinamisha kichwa isipokuwa kwa sala, alikuwa akitazama mapaja yake.

Nilijawa na furaha. Nilikuwa nimemwokoa Baba! Nikamgeukia nipokee shukrani, na nikaona uso wake. Sijui niuelezeje. Alikuwa kama mtu aliyeletewa zawadi, akaifungua, akakuta ni kitu cha jirani yake.

Alitoka nje na Mjomba, nami nikawafuata hadi kizingitini.

"Shemeji, umeshinda," Mjomba alisema. "Twende tule."

"Sijashinda, Juma. Wameogopa."

"Ni kitu moja."

"Si kitu kimoja." Baba aliongea kwa sauti ileile ya chini ya siku zote, lakini hakukwepesha macho. "Hawa watu wanataka kubishana na mimi. Unajua ni lini mara ya mwisho mtu alibishana na mimi? Shuleni hakuna. Njiani hakuna. Wamebaki hawa. Tafadhali, niachie hawa."

Mjomba alimtazama kama unavyotazama mtu mwenye homa. Kisha akavua kofia, akajikuna, akaivaa tena. "Nyinyi watu ya kusoma nasumbua kabisa," alisema, akapanda gari. Kabla ya kuondoka alitoa kichwa nje. "Lakini mimi, shemeji, mimi si nyani. Andika hiyo kwa silabasi."

Baba alirudi ndani. "Ameondoka na hatarudi. Tuendelee."

"Tulishamaliza, Mwalimu," Ssalongo alisema.

"Hatujaanza. Mama Yunia alikuwa na neno."

Gari lilisikika likipanda kilima, likapungua, likaisha. Chungu kilikuwa kikichemka uani. Kisha Mama Yunia akainua kichwa taratibu.

"Ninalo," alisema. "Ninayo matano." Na ukuta ukabomoka.

Sijasikia tena watu wakikaripiana kwa raha kiasi kile. Mama Yunia alisema Mwanzo ni Mwanzo, na siku sita ni sita, si sita na kitu. Alisema yeye hali senene kwa heshima ya ukoo, si kwa sababu ni babu zake, na kwamba kila Novemba anapowaona wakazi wenzake wa Kampala wakila senene kwa vikapu yeye humeza mate na kumshukuru Yesu. Baba alisema hata yeye hafundishi kwamba kima ni babu. Alifundisha kwamba kima ni binamu, kwamba sisi na yeye tuna mhenga mmoja wa zamani sana.

"Hiyo ni mbaya zaidi!" Ssalongo alipiga goti. "Babu umeshamzika. Binamu anakuja kuomba chakula."

Walicheka wote, Mama Yunia pia, kisha akajikumbuka. "Aliumbwa kwa udongo," alisema. "Udongo, Mwalimu. Si kwa kima. Soma kitabu chako."

"Nakisoma, nnyabo. Naamini udongo." Baba alimgeukia mzee. "Ssalongo, ukichimba udongo asubuhi unafyatua tofali mchana?"

"Mjinga ndiye afanyaye hivyo. Litapasuka tanurini. Udongo unauchimba, unaumwagia maji, unaukanyaga, unaulaza. Unaukanyaga tena, unaulaza tena."

"Kwa muda gani?"

"Inategemea udongo, na inategemea unataka tofali la namna gani."

"Na akitaka mtu?" Baba aliuliza.

Ssalongo aligeuza viganja vyake vya udongo, akavitazama. Mama Yunia alisema, "Mungu si mfyatua matofali," lakini alisema polepole, maana kitabu chenyewe ndicho kilichoanzisha habari za udongo.

"Sisemi kwamba najua," Baba alisema. "Nasema kitabu kinaniambia mikono ni ya nani. Alikanda kwa muda gani, hakikuniambia, kwa hiyo naenda kuuliza mifupa. Sijawahi kuona mifupa ikimkana."

Hawakukubali. Nataka hilo lieleweke, kwa sababu watu wanaosimulia habari za baba zao hupenda kuwafanya washindi. Walibishana hadi chai ikaletwa, chai isiyo na sukari, na hadi mzee mmoja akasinzia. Mwishoni Ssalongo alitoa hukumu. Mwalimu hakupatikana na uongo, alisema, ila alipatikana na ulimi wa kuvuta watoto. Asivuliwe joho. Lakini hadi Pasaka asiguse Mwanzo. Atasoma masomo ambayo wengine wanayakimbia, zile orodha za fulani mwana wa fulani. "Utasoma majina," alisema Ssalongo. "Majina hayana kima ndani yake." Na mimi nikaamriwa nimwombe radhi Nola, jambo nililolifanya uani. Nola akaniambia alikuwa ameshazoea, na je, uyoga ulikuwa mkubwa?

Tulipokuwa tukirudi nyumbani Baba alitembea mbele yangu akiimba tenzi kwa pua. Nilimwomba msamaha kwa habari ya Mjomba, na akasema tuliache, kisha akasema kwamba amepewa adhabu na watu ambao wangeweza kumpa ushindi, na haya ni maendeleo. Sikumwelewa kwa miaka ishirini.

Jumapili iliyofuata alisoma majina. Lilikuwa somo la ukoo wa Yesu, lile linaloanza kwake na kurudi nyuma, mwana wa huyu aliyekuwa wa yule. Watu walijiandaa kusinzia. Lakini kuna desturi kwetu: mtu akisimama mbele ya wakwe au mkutano wa ukoo, hujitaja yeye, baba yake, babu yake, na kuendelea kurudi juu bila kukwama, na wasikilizaji humpima kwa pumzi zake. Sijui kama Baba alikusudia. Najua tu kwamba baada ya jina la tano au la sita aliacha kusoma kama msomaji, akaanza kutaja kama mwana wa nyumba anayejieleza mlangoni. Sauti ikapanda. Vichwa vya wazee vikainuka kimoja kimoja. Alipofika kwa Daudi mtu aliguna kwa kuridhika. Alipofika kwa Ibrahimu waliguna watano. Aliendelea kupanda, kupita majina ambayo hakuna aliyewahi kumpa mtoto wake, hadi Nuhu, hadi Adamu, na baada ya Adamu hakukuwa na baba mwingine wa kutaja isipokuwa Mungu mwenyewe. Akamtaja, akanyamaza.

Ssalongo alikuwa kwenye kiti cha pili. Alisema kwa sauti ambayo nadhani alidhani ni ya chini, "Kumbe ni ukoo mmoja."

"Ssh," Mama Yunia alisema mbele yake bila kugeuka. Kwetu mtu haoi ndani ya ukoo wake, hata iweje. "Ssalongo, nyamaza. Vijana wetu watakosa wa kuoa."

Kicheko kilianza kwenye viti vya wanawake, kikapita kwa wanaume, kikafika nyuma alipokaa Mama, ambaye ilibidi atafsiriwe na ndiye aliyecheka mwisho na kwa nguvu kuliko wote. Baba alisimama pale mbele na joho lake, kidole bado juu ya mstari, akisubiri kanisa litulie ili aseme hapo ndipo lilipoishia somo. Aliwaacha wacheke. Hakuwa na haraka yoyote.